Kijiko Kimoja cha Chai, Chumvi Nusu

3 Februari

Mdogo wangu Kijiko,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, mwili upo. Mvua imeanza mapema mwaka huu na bati la jikoni linavuja pale pale lilipokuwa linavuja ulipoondoka. Nimeweka beseni. Baba mdogo anakusalimu, mguu wake umepata nafuu. Jirani yetu fundi cherehani naye anakusalimu, ingawa salamu zake huja na maneno mengi, utayaona huko mbele.

Leo ni siku ya ishirini na tano tangu tumzike mama. Watu waliuliza kwa nini hukuja, nikawaambia kiwandani hawakukupa ruhusa na njia ni ndefu. Wakaridhika. Usiwe na wasiwasi na hilo.

Nguo zake nimezifua nikazikunja. Kile kibakuli chake cha bluu chenye ukingo uliomeguka bado nakiweka mezani bila kufikiri, halafu nakirudisha. Unakumbuka alivyokuwa akiipuliza supu hata ikiwa imepoa? Mpaka siku ya mwisho aliipuliza.

Sasa nina jambo la kukuuliza, na sikutaka kukuuliza kwa simu. Kwenye simu tunaishia kusema "haya, haya" na kukata.

Ni kuhusu ule unga mweupe wa kuongeza ladha uliotutumia Agosti, mama alipokuwa amekataa kula. Ndani ya kifurushi uliweka karatasi: "Sufuria moja, kijiko kimoja cha chai. Chumvi punguza nusu." Nikafanya hivyo hivyo kila siku. Na mama akala. Mtu aliyekuwa anaacha chakula nusu akaanza kukwangua kibakuli. Nilifurahi, nisikufiche.

Lakini kuanzia Septemba akawa anasema kichwa kinamgonga kwa nyuma, uso unamuwaka, mara moyo unakimbia. Mara nyingi ilikuwa baada ya kula. Mimi nikasema ni joto, nikasema ni umri. Nikaendelea kutia, kwa sababu alikuwa anakula.

Juzi fundi cherehani amekuja kurudisha ungo, akauona ule mfuko kwenye rafu.

"Mlikuwa mnampa mgonjwa kitu hiki?"

"Ni cha kuongeza ladha tu."

"Dada yangu, hiki ndicho kinachopasua mishipa ya kichwa. Shemeji yangu alikila hotelini, nusu saa tu, shingo ikakakamaa kama gogo. Mpaka leo akigeuka anageuka mwili mzima."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Unajua kwamba mama alianguka mlangoni pa jikoni nusu saa baada ya kula.

Wewe unafanya kazi wanakotengeneza unga huo. Kazi yako ni kuuonja. Niambie kweli. Ni mimi?

Dada yako.


1 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu, bahasha imelowa upande mmoja lakini maandishi yote yanasomeka. Mimi ni mzima. Bado tunakaa watatu chumba kimoja, chini yetu ni duka la mikate, kwa hiyo asubuhi tunaamka na njaa hata kama tumelala tumeshiba. Mpe pole baba mdogo kwa mguu. Fundi cherehani mwambie nimepata salamu zake zote, na za shemeji yake.

Asante kwa kunisemea kwa watu. Ruhusa niliomba, wakanipa siku mbili, na safari ni siku tatu. Nilikaa na ile karatasi ya ruhusa mfukoni mpaka ikachanika.

Sasa swali lako. Si wewe, dada.

Nikueleze kazi yetu ilivyo. Watu huandika barua kiwandani wakilalamika. Wanasema wakila unga huu wanaumwa kichwa, uso unawaka, jasho linawatoka, moyo unaenda mbio. Ni malalamiko yale yale ya mama, nakiri. Mwaka juzi wakubwa wetu wakawaita watu ishirini na wawili kati ya hao waje. Kila mmoja akakaa kwenye kijichumba chake, mimi nikawa nawapelekea vikombe vya supu. Vikombe vina namba tu. Vingine vina unga, vingine vina kitu kingine kinachofanana nao kwa macho. Anayekunywa hajui, na mimi ninayepeleka sijui. Daftari linaloonyesha namba ipi ni ipi analifungia msimamizi.

Mzee mmoja alishika kichwa akasema, "Haya, hiki ndicho, niitieni gari." Daftari lilipofunguliwa, kikombe chake hakikuwa na unga hata chembe. Na wengi walikuwa hivyo. Mama mmoja tu aliumwa mara mbili alipopewa kingi kabla hajala kitu, mara ya tatu akapewa kile kile asiumwe. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani kinayemsumbua. Wapo wanaosema kinawasumbua, na siwaiti waongo, kichwa chao kinauma kweli. Lakini kinawapita baada ya muda. Kumuua mtu kwa kijiko cha chai kwenye sufuria, hapana.

Na tena, kitu kile kile kimo kwenye nyanya iliyoiva na kwenye uyoga. Kimo hata kwenye maziwa ya mama, na humo ni kingi. Yaani mimi na wewe tulikionja kwake kabla hatujaonja kitu kingine chochote.

Kuhusu kile kichwa cha mama, watu wazima huumwa kichwa kwa mambo mengi. Tuliache hapo.

Mdogo wako, Kijiko.


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua imekatika na beseni limepumzika. Huku shuleni muhula umeanza, wanafunzi mia tatu na kumi, na mtunza stoo amerudi na mashavu, likizo ilimkubali. Mimi bado nipo jikoni lakini mkono umeniharibikia. Wiki iliyopita wali haukuwa na chumvi kabisa, siku mbili mfululizo. Mtunza stoo akaniambia mbele ya watu, "Mama mpishi, sisi si wagonjwa." Kisha akakumbuka, akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile ya maziwa ya mama nimeisoma zaidi. Naamini unavyosema kuhusu vikombe. Lakini wewe unaniambia kuhusu watu ishirini na wawili, na mimi nilikuwa na mtu mmoja.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Novemba kulikuwa na siku mama alisema, "Leo usinitilie kile kitu, kichwa hiki kimezidi." Sikutia. Akala vijiko vitatu akasukuma kibakuli. Kesho yake nikatia kimyakimya. Akala kikaisha, akagonga kibakuli kwa ukucha kama kawaida yake, kuniambia nije nikichukue. Nikajisikia nimeshinda. Ndiyo ninayoifikiria nikiwa nachambua mchele.

Na siku ile kifurushi kilipofika, alichovya kidole mfukoni, akalamba, akasema, "Mbona chumvi tu?" Nikamwambia, "Mama, ulimi wako umechoka." Akacheka. Akasema, "Basi kama kaituma Kijiko, ni tamu." Toka hapo akawa anauliza, leo umetia cha mwanangu?

Mfuko bado upo, umebaki kama robo. Hauna jina la kiwanda wala picha, ni namba tu kwa kalamu nyekundu, 583. Fundi cherehani anasema nimpelekee mtu wa afya aupime. Nikamwambia mdogo wangu ndiye mtu wa kupima. Au unaonaje?

Dada yako.


30 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini hujambo, na baba mdogo hajambo, na wenzako wa jikoni pia. Mimi naendelea vizuri. Huku baridi imeanza kidogo. Duka la mikate limepakwa rangi mpya, ya kijani. Mmoja wa wale tunaokaa nao amehama, sasa tuko wawili, nafasi ipo.

Mfuko huo usimpelekee mtu. Utupe tu. Na unga huo usiutumie tena, si kwa ubaya, ni kwa sababu umekaa sana.

Kazi ni nyingi, nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Kijiko.


18 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba mdogo anatembea bila fimbo, anajionyesha mpaka dukani. Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikaigeuza nione kama nyuma kuna kitu. Nilikuuliza jambo zito Machi, umenijibu Mei, ukanieleza rangi ya duka.

Kazini nimeomba nioshe vyombo. Mwalimu mkuu hakutaka. "Miaka ishirini jikoni, nani atanipikia?" Nikamwambia mpaka mkono urudi. Akanipa hadi muhula wa Septemba, kama haujarudi atatafuta mpishi mwingine. Kwa hiyo sasa naosha sufuria nilizokuwa napikia. Mtunza stoo ananiletea sabuni mwenyewe.

Jumapili nilikuwa natafuta kifungo cha koti la shule. Nikafungua lile kopo la mama la vifungo. Chini kabisa kulikuwa na kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne kama alivyokuwa akikunja mifuko ya nailoni. Kadi ya presha. Imeandikwa Julai. Namba zake sizielewi vizuri lakini muuguzi wa shule amezisoma akasema, "Zilikuwa juu. Sana." Chini imeandikwa kwa mkono: apunguze chumvi.

Julai, Kijiko. Kabla ya kifurushi. Na sehemu ile ya ndugu wa karibu, mama hakuweka jina langu mimi niliyelala naye nyumba moja. Kaweka namba yako ya simu.

Ulijua?

Dada yako.


2 Agosti

Dada, shikamoo.

Salamu za wote nimezipokea na mimi nakurudishia. Leo sina habari nyingine za kutanguliza. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na ni siku yangu ya mapumziko.

Nilijua.

Mama alinipigia Julai kwa simu ya muuguzi. Alisema haraka haraka kama mtu anayeibia. "Kijiko, wamenipima, wanasema presha. Dada yako usimwambie. Akijua ataacha kazi akae na mimi, na ile kazi anaipenda." Nikasema sawa. Nikamuuliza dawa je. Akasema amepewa, atameza. Nikamuuliza chumvi je. Akasema, "Chakula bila chumvi hakishuki, baba. Ndiyo maana siwezi kula." Kumbe alikuwa anajaribu peke yake, anaacha chakula chako bila kukuambia kwa nini.

Mimi nikajiona mjanja. Kazini tunajua kwamba unga huu una chumvi ndogo, kama theluthi tu ya ile ya kawaida, na ukiutia unaweza kupunguza chumvi na mtu asione tofauti. Nikawaza, nitamtumia dada, nitamwandikia apunguze nusu, mama atakula na chumvi itakuwa imepungua, na siri ya mama itabaki siri. Ile karatasi ya "chumvi punguza nusu" haikuwa ya ladha. Ilikuwa dawa yangu.

Nilimwomba msimamizi unga kidogo. Akasema majaribio yamekwisha, chukua mezani. Mezani palikuwa na mifuko ya namba. Nilijua kwamba baadhi ina unga na baadhi ina kile kingine tunachowapa watu ili wasijue. Nilijua kuna daftari. Lakini gari la posta lilikuwa linaondoka saa nane na nilitaka kifurushi kiondoke siku ile ile. Nikachukua mfuko uliokuwa karibu na mkono.

Barua yako ya Machi ilipofika na ile namba, nilimwomba msimamizi anifungulie daftari. Nikasema ni ukaguzi tu. Mia tano themanini na tatu. Ni kile kingine, dada. Ni chumvi iliyosagwa pamoja na sukari kidogo. Mama hakula unga wetu hata siku moja. Ulimi wake haukuwa umechoka.

Kwa hiyo ulipouliza kama ni wewe, na mimi nikakuandikia hapana, nilikuwa nasema kweli bila kujua ukweli wenyewe. Mtu aliyekatazwa chumvi, mimi nimemtumia chumvi kwa posta, nikaibandika stempu. Ningeweza kukujibu Aprili. Nilishindwa kuandika hilo neno. Nikaandika rangi ya duka.

Rudi jikoni, dada. Hukufanya kosa. Mimi sikuombi kitu.

Kijiko.


29 Agosti

Mdogo wangu Kijiko,

Marahaba. Sisi wazima. Baba mdogo ameanguka tena, lakini kidogo, ni kujionyesha kwake. Fundi cherehani ana mjukuu wa kike, ananilazimisha nikamwone kila siku, na kila siku amefanana na mtu mwingine.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya sahani siku sita. Nilikukasirikia, ujue. Si kwa mfuko. Kwa Julai. Ningemuuguza nikijua ninauguza nini. Ningekaa naye. Na yeye alijua ningekaa, ndiyo maana hakusema. Hapo nimewakasirikia wote wawili, na mmoja nimekwenda kumkasirikia kaburini kwake, nikang'oa majani huku nasema peke yangu.

Siku ya saba niliushusha mfuko kwenye rafu. Sikuutupa uliponiambia niutupe. Nikachovya kidole, nikalamba.

Kijiko, ni chumvi. Hata mtoto angejua. Nyuma yake kuna utamu kidogo, lakini ni chumvi. Mimi ninayeonja sufuria za watu mia tatu na kumi sikuwahi kuchovya kidole kwenye ule mfuko, miezi mitano. Wewe unaonja kwa mshahara, hukuonja. Kwa nini? Kwa sababu mimi niliona kimetoka kwako, na wewe uliona kinakuja kwangu. Aliyeonja ni mama peke yake. Akasema kweli, na mimi nikamwambia ulimi umechoka.

Basi nikachukua ile sufuria ndogo niliyokuwa nampikia mama, nikapika supu nikipima kama nilivyokuwa nikipima. Sikiliza, maana hii ndiyo kazi yangu, si yako. Kabla ya kifurushi nilikuwa natia vijiko viwili vya chumvi. Karatasi yako ikasema nusu, nikatia kimoja. Halafu kimoja cha mfuko wako. Ni viwili. Tena pungufu kidogo, kwa ile sukari. Mama alikula chumvi ile ile aliyoila tangu anatuzaa. Hukumwongezea. Ulitaka kumpunguzia ukashindwa. Hilo lipo, silifuti, daktari alisema apunguze na hakupunguza. Lakini si ulivyoandika wewe, kwamba ulimtumia kwa posta.

Dawa zake nimezikuta pia. Zilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la baridi, paketi nzima, kavunja kidonge kimoja nusu. Nilifikiri niache kukuambia. Halafu nikaona tumefichana vya kutosha.

Alijua ni chumvi, Kijiko. Alijua kadi inasema nini. Na kila siku aliuliza, leo umetia cha mwanangu? Mimi nadhani hakuwa anauliza unga. Alikuwa anauliza kama umekuja mezani.

Jumatatu nimerudi jikoni. Mtunza stoo kaleta chumvi, kasimama mlangoni anangoja kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikatia, nikaonja. Nikamwonjesha na yeye. Akasema, "Hapo." Basi.

Supu iliyobaki kwenye ile sufuria ndogo niliimimina kwenye kibakuli cha bluu nikaila mimi. Ilikuwa imepoa kabisa. Nimejikuta naipuliza.

Desemba omba ruhusa mapema, omba siku kumi, uwaambie ni tatu za kuja, tatu za kurudi, na nne za dada yako. Usilete chochote kutoka kiwandani. Njoo na kidole chako tu, nitakuwekea sufuria.

Ni mimi ninayekungoja,
Dada.